Safari ya Vega: hakuna aliyeipita nuru

Ndugu, umeuliza hivi: chombo kinaondoka Duniani kwa asilimia 99 ya kasi ya nuru kwenda nyota ya Vega, iliyo umbali wa miaka ya nuru 25 (mwaka wa nuru ni umbali ambao nuru husafiri kwa mwaka mmoja). Abiria wanafika wakiwa wamezeeka miaka mitatu na nusu tu. Ukagawanya 25 kwa 3.5, ukapata kama saba, ukauliza: si basi wamekwenda mara saba ya kasi ya nuru?

La. Kugawanya umegawanya sawasawa, ila umbali umeuchukua kwetu sisi tulio Duniani, na muda ukauchukua kwa abiria.

Nafundisha fizikia sekondari hapa Kisumu. Nadharia inayoeleza haya, ile ya uhusianifu maalumu ya Einstein, ya mwaka 1905, haimo kwenye silabasi yetu, lakini kwenye klabu ya sayansi swali lako huzuka kila mara. Huwa naugawa ubao kwa mstari: Dunia huku, Chombo kule, na namba hairuhusiwi kuvuka. Upande wa Dunia: umbali 25, kasi 0.99, muda miaka 25 na robo. Upande wa Chombo: kasi ileile 0.99, muda miaka 3.56. Msichana mmoja wa kidato cha tatu alikuja kujaza umbali wa Chombo. Akaandika 25, akatazama kasi, akatazama muda, akaona haviingiliani hata kidogo. Akaifuta ile 25 kwa kiganja, akazidisha pembeni, akaandika 3.5. "Mwalimu, kwao njia yenyewe ni fupi!"

Jibu lako ndilo hilo. Kwa abiria, chombo kimetulia na Vega ndiyo inayowajia kwa kasi ya 0.99, na urefu wote ulio upande wa safari umesinyaa mara saba hivi. Sisi wa Duniani ndio tunaoona saa ya chombo ikienda polepole; wao hawaoni saa yao ikisuasua. Chai yao inapoa kama kawaida. Mimi hunikera sana mtu anapofundisha kuchelewa kwa saa akaishia hapo, maana bila kufupika kwa njia mwanafunzi lazima afike ulikofika wewe.

Na haya hayangoji chombo cha kesho. Miale ya anga za mbali hugonga hewa kilomita 15 hivi juu yetu na kuzaa chembe ziitwazo myuoni, ambazo kwa wastani huishi sehemu 2.2 tu za milioni ya sekunde moja. Hata kwa kasi ya nuru, muda huo unatosha mita 660 hivi. Lakini zinatufikia chini, usiku na mchana. Kwa saa yetu, myuoni yenye asilimia 99.8 ya kasi ya nuru huishi karibu mara 16 zaidi. Kwa saa yake yenyewe haikuongezewa uhai wowote: zile kilomita 15 ndizo zilizobaki mita 950.

Hesabu hizi zinachukulia kwamba kasi haibadiliki njiani. Wakigeuza na kurudi, kugeuza huko ndiko kunakowatofautisha na sisi: watarudi na miaka saba na ushei, sisi tumemaliza hamsini.

Sasa jaribu mwenyewe kwa asilimia 80. Dunia itapata miaka 31.25, Chombo 18.75. Umbali wa Chombo ukikutokea miaka ya nuru 15, uko sawa.