Kabla ya kuipeleka protini kwenye sumaku

Wiki jana tukisubiri matatu Westlands, kijana mmoja anayeanza shahada ya uzamili aliniuliza mashine ipi ya NMR, ile ya sumaku kali inayoonyesha umbo la molekuli, inafaa kupimia protini iitwayo p53. Nikamuuliza: protini yako ikikaa nyuzi 25 kwa siku tatu, maji yake yanabaki maangavu?

p53 huzuia seli iliyoharibika isizidi kugawanyika, na karibu nusu ya saratani za binadamu zina hitilafu katika jeni yake. Ina amino asidi 393, yaani vijenzi vya protini vilivyoungana kama shanga, na baadhi ya sehemu zake zimelegea kama uzi, hazina umbo la kudumu. Kwa hiyo nakusihi, kata kipande. Mwaka 1994, NMR ilionyesha umbo la kipande cha amino asidi kama 40 tu, kile kinachofunga p53 nne ziwe kundi moja. Anzia hapo.

Mimi nilitaka protini nzima. Nikawalisha bakteria wanaonitengenezea protini naitrojeni-15, aina nzito ya naitrojeni ambayo NMR huiona vizuri na ambayo bei yake inauma, kabla ya kujaribu kwa chakula cha kawaida. Nikasafisha, nikakoleza, nikaiacha mezani Ijumaa jioni. Jumamosi asubuhi nikakiinua kile kijibomba cha kioo, chembamba kuliko kalamu, dirishani. Kilikuwa cheupe kama maji ya kuoshea mchele. Kazi ya wiki nzima imekuwa mashapo. Niliketi nikalia.

Vipimo vya NMR vinavyofichua haidrojeni zipi zimekaribiana huweza kuchukua siku kadhaa, na muda wote huo protini inapaswa kuzunguka huru majini. Ikishikamana, sumaku haiisikii. Basi tumia protini ya chakula cha kawaida, ibadilishie chumvi na pH, uilaze usiku kucha kwa joto lile lile la kipimo. Ikistahimili, ndipo ununue naitrojeni-15. Kaboni-13, aina nzito ya kaboni, ni ghali zaidi, isubiri kwanza.

Picha ya kwanza ya NMR itakupa nukta moja kwa karibu kila amino asidi; ile iitwayo prolini haitoi. Zihesabu. Zikitawanyika, protini imejikunja vizuri. Zikirundikana katikati, imelegea, na hapo rudi kwenye kukata.

Jana usiku yule kijana alinitumia picha ya kijibomba chake, siku ya tatu. Nyuma yake alikuwa ameweka gazeti, na herufi zote zinasomeka.