Kwa mwalimu mpya wa Kiswahili: waache watoto waandike ya kwao

Ukiripoti kituo cha kazi hapa Tanzania na kukabidhiwa Kiswahili Darasa la Tatu au la Nne, usishangae kukuta watoto wenye mwandiko safi na madaftari yaliyojaa, lakini ukiwaambia waandike sentensi tatu kuhusu jana jioni wanabaki kukutazama. Wamezoea kunakili. Mwalimu anajaza ubao, wao wanahamishia kwenye daftari, kengele inalia. Mkono umefanya kazi, kichwa hakijaguswa.

Si kosa lao. Darasa la Kwanza na la Pili, tangu mtaala wa KKK (Kusoma, Kuandika na Kuhesabu) wa 2015, muda mwingi huenda kwenye kuumba herufi, kuunganisha silabi na imla, na hayo ni ya lazima. Huko mwisho nako, kwa miaka mingi, sehemu ya Utungaji kwenye mtihani wa Kiswahili wa Darasa la Saba imekuwa ya kupanga sentensi zilizochanganywa kwa kuzipa herufi A, B, C na D. Mtoto anaweza kuipata sehemu hiyo yote bila kutunga hata sentensi moja. Kwa hiyo usitarajie mwalimu wa taaluma akubane kuhusu insha. Atakuuliza wastani wa jaribio. Nafasi ya kuandika itabidi uitengeneze mwenyewe, na dakika kumi mwanzoni mwa kipindi zinatosha, mradi iwe kila siku.

Una bahati moja ambayo mwenzako wa Kiingereza hana: Kiswahili huandikwa karibu sawa na kinavyotamkwa. Mtoto aliyezishika silabi anaweza kuandika neno lolote analolisema, hata kama hajawahi kuliona kitabuni. Basi anzia mdomoni. Kabla ya daftari kufunguliwa, kila mmoja amsimulie jirani yake wa dawati, kisha aandike alichosimulia. Darasa litakuwa na kelele. Mkuu wa shule akichungulia dirishani, mwambie ni maandalizi ya utungaji, naye akibaki dakika tano ataona mwenyewe.

Swali unalotoa ndilo linaloamua utakachopata. Ukiandika ubaoni "Shule Yetu" au "Siku Nisiyoisahau", utapokea insha themanini zinazofanana, zote zikianza na jua lililokuwa likiwaka. Uliza kitu kidogo chenye jibu moja tu kwa kila nyumba: kwenu nani huamka wa kwanza, na anaanza kufanya nini? Mtoto ataandika, "Bibi anaamka. Anawasha moto. Anamfukuza paka." Hapo umepata kazi ya wiki nzima. Paka alikuwa wapi? Bibi alimwambiaje? Aongeze sentensi moja baada ya ile ya paka, si kurudia habari yote upya. Kuongeza na kukata ndiyo sehemu ya uandishi inayorukwa sana mashuleni kwetu, kwa sababu tumewazoesha kwamba daftari likishasahihishwa habari imekwisha.

Wenzetu wa Kenya walikuwa na karatasi nzima ya insha kwenye KCPE, mtihani wao wa kumaliza shule ya msingi, hadi mtihani huo ulipofikia tamati 2023, na watoto wao waliandika kurasa. Wengi walijifunza pia kubandika methali na tamathali za kukariri kila mstari, mpaka habari yenyewe ikapotea chini yake. Mimi naichagua ile ya bibi na paka.

Makosa utakayokutana nayo zaidi ni ya kutenganisha maneno: "ali nipa", "na soma", "tume kwenda". Kumwambia mtoto "unganisha" hakusaidii, maana kesho ataunganisha na "namama". Mpe kipimo anachoweza kukitumia peke yake: ajaribu kuchomeka neno katikati. "Na mama" inakubali, unaweza kusema "na yule mama". "Na soma" haikubali chochote, basi inaandikwa pamoja. Darasa la Tatu wanakishika kipimo hiki haraka, na hugeuka mchezo. Makosa ya r na l, au "zambi" badala ya "dhambi", yana mzizi mwingine: mtoto anaandika kwa uaminifu anavyotamka nyumbani. Usimcheke, na usiyaingize kwenye somo la utungaji. Yatengee imla.

Sasa masahihisho, ambayo ndiyo huwakatisha tamaa walimu wapya. Darasa la watoto themanini au mia huwezi kulisahihisha neno kwa neno kila siku, na hakuna anayefanya hivyo, hata wanaodai wanafanya. Chagua jambo moja na ulitangaze kabla hawajaanza: leo naangalia herufi kubwa na nukta tu. Andika jambo hilo ubaoni, nao walihamishie juu ya ukurasa, ili mzazi au mthibiti ubora wa shule akifungua daftari aelewe kwa nini makosa mengine yameachwa. Kisha chukua safu moja ya madawati kwa siku na uisome kwa makini. Pembeni, badala ya "Vizuri" au "Ongeza bidii", andika swali: "Paka alirudi?" Mtoto akiulizwa swali la kweli hulijibu, na jibu hilo ni sentensi nyingine.

Mwandiko mbaya uuache kwa kipindi chake. Anayetumia mkono wa kushoto mwache autumie, ila mkalishe upande wa kushoto wa dawati asigongane na jirani.

Watabaki wachache wasioandika kitu kabisa. Kwa kawaida silabi bado hazijakaa, na kelele za darasa zimewaficha tangu Darasa la Kwanza. Keti naye mmoja mmoja wakati wenzake wanaandika. Akusimulie sentensi moja, uiandike vilevile alivyoisema mbele ya macho yake, aisome kwa kidole, kisha ndipo ainakili. Wiki inayofuata yeye aandike neno la kwanza, wewe umalizie.