Barua kwa Mwanangu: Kikombe cha Chai ya Chumvi

Tanga

Mwanangu mpendwa,

Barua yako nimeipata na nimeisoma mara mbili, mara ya pili nikicheka peke yangu jikoni. Unasema ulikwenda kula katika mkahawa mdogo wa familia ya Kitibeti hapo Parkdale, Toronto, mama akipika na kijana wake akihudumia meza. Ukaagiza momo, yaani madonge ya unga yaliyojazwa nyama, na chai ya siagi, ukashangaa kuikuta ina chumvi, na kila ulipopiga funda moja mama yule alitoka na birika akakijaza kikombe, hata ukanywa vikombe vinne kwa kuona haya, kisha cha tano ukakiacha nusu ukaondoka. Sasa unauliza kama uliwakosea adabu.

Hukuwakosea, ila ulijitesa bure. Kwa Watibeti kikombe cha mgeni hakiachwi kikapungua, na mwenye nyumba akikiona kimeshuka hata kidogo hukijaza. Mgeni aliyetosheka hukiacha kimejaa mbele yake, akaendelea na mazungumzo, na anapokaribia kuaga ndipo anapokinywa. Babu yako, aliyekaa Muscat miaka mingi, alitufundisha kukitikisa kidogo kikombe cha kahawa wakati wa kukirudisha, ili mmiminaji ajue kwamba basi. Nami nilipokuwa mwanafunzi Delhi, mwanzoni mwa miaka ya 1990, nilikitikisa vivyo hivyo mbele ya mama mmoja kule Majnu-ka-Tilla, mtaa wa wakimbizi wa Kitibeti kando ya mto Yamuna. Akadhani nalalamika kwamba chai imepoa, akaenda kuniletea ya moto.

Kuhusu chumvi, usiipime chai hiyo kwa chai yetu ya maziwa na hiliki. Ipime kwa supu. Lhasa, mji mkuu wa Tibeti, iko mita zipatazo 3,650 juu ya usawa wa bahari, mahali ambapo maji huchemka kabla ya kufika nyuzi 90 na baridi haina mzaha. Nafaka inayostahimili nchi hiyo ni shayiri, ambayo hukaangwa na kusagwa ikawa unga uitwao tsampa, na mtu huukanda kwa vidole ndani ya bakuli kwa chai hiyohiyo, akaula bila kuupika tena. Majani ya chai, yaliyozoeleka kuletwa kutoka China yakiwa yameshindiliwa kama matofali, huchemshwa mpaka maji yawe meusi, yakatiwa chumvi na siagi ya dri, yaani jike la yak, ng'ombe wa milimani mwenye manyoya marefu, kisha yakasukwa kwa mchi ndani ya chombo kirefu cha mbao mpaka mafuta yachanganyike. Kwa mchungaji aliyetoka malishoni hicho si kinywaji tu, ni chakula; kwako wewe uliyetoka ofisini, vikombe vinne ni vingi mno.

Umeshangaa pia, kama mtoto wa pwani, kwamba hukuona samaki hata mmoja. Watibeti wengi hawamli, na hoja niliyoelezwa Delhi ni kwamba yak mmoja akichinjwa huilisha familia kwa muda mrefu, ilhali samaki wa kuwashibisha watu haohao ni roho nyingi. Mimi niliyelelewa kwa changu na kibua sikuikubali, lakini sikuweza kuijibu.

Nyama ya momo ulizokula ungeiulizia kabla ya kuagiza, kwa sababu wengine hutumia nguruwe. Usione haya: miongoni mwa Watibeti wako Waislamu, waliokaa Lhasa kwa karne nyingi, kwa hiyo swali hilo si geni kwao. Momo zenyewe usizichovye kwenye chachandu mara tu zinapofika. Yule mama wa Majnu-ka-Tilla alilishika duara la unga kwa mkono wa kushoto, kidole gumba kikiisukuma nyama ndani, na mkono wa kulia ukibana mapindo moja baada ya jingine mpaka pakabaki kitundu kidogo juu. Ndani yake hubaki mchuzi wa moto, nami ulinichuruzikia kidevuni mbele ya wenzangu wote. Ng'ata pembeni kidogo, unyonye mchuzi kwanza.

Ukirudi, agiza thenthuk, tambi bapa ambazo mpishi huzikata kwa vidole na kuzirushia moja kwa moja kwenye supu inayochemka. Na mama huyo umsalimie kwa ajili yangu. Salamu yao ni tashi delek.

Mama yako