Bima ya mama kijijini

SWALI: Shikamoo shangazi. Naendesha bodaboda Kampala, mke wangu hukaanga chapati jioni. Mama yuko Rukungiri, karibu na Kisiizi, na presha inamsumbua. Wakala mmoja wa bima alinitajia bei nikashika kichwa. Sisi wa leo kwa leo tufanyeje?

JIBU: Marahaba mwanangu. Bima ya taifa usiihesabu kwanza: Bunge lilipitisha muswada Machi 2021, Rais hakuutia saini.

Mama yako ana bahati kuliko wewe. Hospitali ya Kisiizi ina mpango wake wa bima tangu 1996, na watu huingia kwa vikundi, hasa vile vya engozi vilivyoanzishwa ili wanakijiji wabebane kwa machela mtu akiugua. Muulize yumo kikundi gani; mtu wa umri wake kule kukosa kikundi ni nadra. Kisha zungumza na mweka hazina wao, si na jirani. Je, presha ya kila mwezi inalipiwa? Mama atachangia ngapi kila akitibiwa? Atangoja muda gani kabla kadi haijaanza kufanya kazi? Usingoje azidiwe ndipo umwandikishe.

Nyinyi wa Kampala, vituo vya serikali havitozi ada tangu 2001. Tatizo ni dawa: zikiisha unaandikiwa karatasi ukanunue nje. Kama mkeo yumo kwenye kikundi cha kuweka na kukopa, aulize kuhusu mfuko wa dharura. Hizo ndizo pesa za dawa.