Bunge likijadili vita: kwa wadogo zangu mnaoanza kazi redioni Mtwara

Wadogo zangu, Bunge likianza kuzungumzia hatari ya vita, msipoteze muda kusaka vijembe. Tafuteni swali ambalo Serikali imelazimika kulijibu hadharani. Taarifa yenu iko hapo.

Kwetu mambo haya yako mlangoni. Oktoba 2020 kijiji cha Kitaya kilivamiwa na watu waliovuka Mto Ruvuma kutoka Cabo Delgado, Msumbiji. Mvuvi wa Msimbati akipiga simu studio hana haja ya kujua nani kamzomea nani Dodoma. Anataka kujua kama kesho ni salama kutega nyavu karibu na mdomo wa mto, na kama kuna mkubwa aliyeulizwa habari hiyo.

Kabla hamjashika maiki, someni Ibara ya 44 ya Katiba. Rais ana mamlaka ya kutangaza vita, kisha nakala ya tangazo inakwenda kwa Spika, na Bunge linaitishwa ndani ya siku 14 litafakari kama litaliunga mkono. Yaani tangazo linatangulia, mjadala unafuata. Ndiyo maana nauthamini sana mjadala unaofanyika mapema, mgogoro ukiwa bado mikononi mwa wanadiplomasia.

Chukueni suala la Ziwa Nyasa. Malawi inashikilia mkataba wa Waingereza na Wajerumani wa 1890, unaoweka mpaka kwenye ufukwe wa upande wetu. Tanzania inasema mpaka unapita katikati ya ziwa. Malawi ilipotoa leseni ya kutafuta mafuta, joto likapanda, na mwaka 2012 watu vijiweni walishaanza kuongea vita. Agosti mwaka huo Bernard Membe, mbunge wa Mtama hapo Lindi na Waziri wa Mambo ya Nje, akalieleza Bunge msimamo wa nchi: makampuni yasimamishe utafiti ziwani. Baadaye shauri likafikishwa kwa marais wastaafu wakiongozwa na Joaquim Chissano wa Msumbiji. Mwananchi aliyesikiliza kikao kile alijua tunadai nini na kwa hoja gani. Kijiweni asingeyapata hayo.

Mtaniuliza: na mjadala ukishindwa kuzuia vita? Machi 18, 2003 wabunge wa Uingereza waliidhinisha vita vya Iraq kwa kura 412 dhidi ya 149. Siku moja kabla, Robin Cook alijiuzulu uwaziri, akasimama bungeni na kusema kuwa huenda Iraq haina silaha za maangamizi kwa maana inayoeleweka na wengi. Hakusikilizwa, lakini maneno yake yamo mpaka leo kwenye Hansadi, yaani kumbukumbu rasmi za mijadala ya Bunge. Agosti 29, 2013 Serikali ya Uingereza ilipotaka ridhaa ya kuishambulia Syria, wabunge waliikumbuka Iraq mmoja baada ya mwingine, na hoja ikaanguka kwa kura 285 dhidi ya 272. Mimi naamini kumbukumbu ile ilifanya kazi yake.

Kwa hiyo pakueni Hansadi muisome yote, hata wachangiaji wa jioni ambao kamera zimeshawachoka. Mara nyingi huko nyuma ndiko anakotokea mbunge anayeuliza fedha zitatoka fungu gani na askari watarudi lini. Ibara ya 100 inamlinda kwa anayoyasema ukumbini, kwa hiyo anaweza kuuliza ambayo wengine wanayaogopa. Sauti yake na jibu la waziri zirusheni katika taarifa moja. Waziri akikwepa, semeni hewani kwamba swali halikujibiwa, kisha mpigieni simu mbunge wa jimbo lenu mumuulize kama atalirudia kikao kijacho.