Kutia Kitambaa Rangi kwa Maua Yaliyotupwa

Skafu ya kwanza niliyoitia rangi kwa maua ilikuwa ya pamba, na maua yenyewe yalikuwa mawaridi mekundu yaliyosalia baada ya sherehe, ndoo nzima ambayo asubuhi ingemwagwa jalalani. Niliyachemsha mpaka maji yakawa mekundu, nikatumbukiza skafu, na saa mbili baadaye nikaitoa ikiwa na rangi ya pinki iliyonipendeza hata nikaitundika sebuleni ili kila aingiaye aione. Siku ya tatu niliifua kwa sabuni ya kipande. Pinki ile iligeuka kijivu humo humo kwenye beseni, kabla sijaisugua, na nilipomaliza kuisuuza nilibaki na kitambaa chenye rangi ya maji yaliyooshewa vyombo.

Nimeanza na aibu hiyo kwa sababu karibu kila anayeniuliza namna ya kupata rangi kutoka kwenye maua huuliza swali lile lile nililoanza nalo mimi, yaani ni maua gani yatoayo rangi nzuri, ilhali linaloamua kama rangi itadumu ni namna kitambaa kilivyoandaliwa kabla ya kukutana na hayo maua. Katika kazi inayonichukua siku tatu, maua hudai saa chache tu. Muda uliobaki wote ni wa kitambaa.

Hata hivyo, maua nayo yana siri yake ambayo ni vyema uielewe mapema. Wekundu, zambarau na buluu ya maua mengi hutokana na kemikali ziitwazo anthosianini, ambazo huyeyuka upesi katika maji ya moto na kumlaghai mtu kwa maji yenye rangi kali. Rangi yake hufuata tindikali iliyopo: ukiongeza siki huiva wekundu, ukiongeza magadi au sabuni ya kawaida, ambayo ina alkali, huelekea kijivu, buluu au kijani. Isitoshe, mwanga wa jua huzivunja kwa muda mfupi. Hicho ndicho kilichonipata na mawaridi, na haibiskasi nayo ina tabia hiyo hiyo, kwa hiyo kama huna nia ya kutengeneza kitu cha kutundika ukutani kwa mwezi mmoja kisha ukitie rangi upya, usiyapotezee kitambaa kizuri.

Njano na machungwa ni habari nyingine. Petali za marigoldi huonekana za njano kwa sababu zimejaa karotenoidi, kemikali zenye rangi ya njano na machungwa, lakini karotenoidi haziyeyuki katika maji, na kwa hiyo rangi unayoiona kwa macho sehemu yake kubwa haifiki kwenye kitambaa. Kinachofika ni flavonoidi, kemikali nyingine za mimea zilizojificha pamoja nazo, ambazo hushikana vizuri na metali na hutoa njano iliyokolea. Ndiyo maana hata krisanthemamu nyeupe, ambazo mtu angezidharau, hutia sufu njano laini: flavonoidi zimo, ila jicho halizioni. Tangu nilipolitambua hilo nimeacha kuchagua maua kwa kuyatazama.

Wazee wa kazi hii walilijua jambo hilo bila kuhitaji jina la kemikali yoyote. Kabla ya mwaka 1856, William Henry Perkin alipopata kwa bahati rangi ya zambarau katika maabara yake mjini London akiwa anatafuta njia ya kutengeneza kwinini, rangi za nguo zilitoka karibu zote kwenye mimea, wadudu na madini, na bado katika maelfu ya mimea watia rangi walishikilia michache tu: nili kwa buluu, mizizi ya rubia kwa nyekundu, na kwa njano mimea yenye flavonoidi nyingi. Kama waridi jekundu lingekuwa na faida, wasingeliacha bustanini.

Kwa hiyo ushauri wangu kwa anayeanza ni kukusanya marigoldi kwanza, ambayo hutumika kwa wingi katika mapambo na hutupwa kwa wingi vilevile, kisha dalia na krisanthemamu. Maua yaliyonyauka hayana tatizo lolote. Yaliyooza na kuota ukungu ndiyo ya kuachwa. Ukiyapata kwa muuza maua au kwenye ukumbi, kagua kama hayakunyunyiziwa rangi ya kiwandani, jambo linalotokea sana kwa maua ya buluu iliyo kali kupita kiasi, na uvae glavu unapoyachambua kwa kuwa maua ya biashara mara nyingi hupigwa dawa za wadudu. Usichemshe oleanda wala mnanaha hata ukipewa gunia zima, maana ni sumu, na mvuke wake si wa kuuvuta jikoni. Sufuria, kijiko na chujio utakavyovitumia visirudi tena kwenye chakula.

Sikusanyi maua ya kutosha kwa siku moja, hivyo huyakausha. Huchomoa petali, huzitandaza safu nyembamba kivulini penye upepo, na huzihifadhi kwenye mfuko wa karatasi zikiwa zimekauka kiasi cha kuvunjika mkononi. Niliwahi kufunga kwenye plastiki petali zilizokuwa bado na unyevu kidogo, na wiki mbili baadaye nikafungua fuko lililojaa ukungu mweusi. Kilo moja ya petali mbichi hubaki kama gramu 150 hivi zikikauka, kwa hiyo usishangae ukiona mlima umegeuka konzi.

Sasa kitambaa. Jambo la kwanza ni kujua kimefumwa kwa uzi gani, kwa sababu poliesta haishiki rangi hizi hata ufanye nini, na nguo nyingi zinazouzwa kwa jina la pamba zina poliesta ndani yake. Chomoa uzi mmoja, ushike kwa koleo juu ya sinki na uuchome: pamba na kitani huungua kama karatasi na kuacha majivu laini, sufu na hariri hunuka kama nywele zilizoungua, na poliesta huyeyuka ikaacha tone gumu. Hilo la tone gumu lirudishe kabatini.

Pili ni kufua, na hapa sizungumzii kufua kwa kawaida. Pamba mpya, hata ikiwa nyeupe pe na imefuliwa mara mbili, ina nta yake ya asili pamoja na wanga na mafuta ya kiwandani, vitu ambavyo huizuia rangi isipenye. Huitia kwenye maji ya magadi na sabuni kidogo, nikaitokosa kwa saa nzima, na kila mara hushangazwa na maji yanayotoka, ya njano iliyochafuka kama chai iliyolala. Kama maji bado yana rangi hiyo, hurudia. Sufu na hariri hazipelekwi hivyo, kwa kuwa ni nyuzi za protini na magadi huzila. Hizo hulowekwa kwenye maji ya uvuguvugu yenye sabuni laini isiyo na alkali, wala hazisuguliwi. Sufu hasa haitaki kuhamishwa ghafla kutoka maji ya moto kwenda ya baridi, la sivyo hujikunja na kushikana ikawa kama zulia.

Baada ya hapo ndipo inapokuja dawa ya kushikisha rangi, na kwangu dawa hiyo ni shabu. Chembe za alumini zilizomo kwenye shabu hujifunga kwenye uzi upande mmoja na kwenye rangi upande wa pili, hivyo rangi haibaki imeegemea tu juu ya uzi ikisubiri kufuliwa. Vipimo vyote hufanywa kwa uzito wa kitambaa kikiwa kikavu, na mtu asiye na mizani ya gramu aitafute kabla ya kutafuta maua. Mimi hutumia shabu asilimia 15, yaani gramu 30 kwa kitambaa cha gramu 200. Niliwahi kuiongeza nikidhani wingi wake utaongeza rangi, na sufu ikatoka ikinata vidoleni kana kwamba imepakwa sukari.

Shabu huyeyushwa kwanza kwenye maji ya moto kidogo, kisha humiminwa kwenye sufuria yenye maji ya kutosha kitambaa kuelea bila kubanana. Sufu huhitaji kupashwa taratibu mpaka nyuzi joto 80 za Selsiasi hivi na kukaa hapo kwa saa moja, halafu kuachwa ipoe humo humo. Pamba ni mkaidi zaidi, kwa kuwa haina mahali pengi pa kushikana na alumini kama zilivyo nyuzi za protini, na kwa hiyo huitanguliza kwenye maji yenye tanini, yaani kemikali ya mimea yenye ukakasi kama wa chai kali, ili tanini ishike uzi na alumini ishike tanini. Maganda makavu ya komamanga hufaa sana kwa kazi hii. Hutia njano hafifu ambayo chini ya marigoldi haionekani. Pamba hulala usiku mmoja kwenye tanini, ikasuuzwa kidogo, ikalala usiku wa pili kwenye shabu. Najua hatua hii huchosha, na najua wapo wanaoiruka. Vitambaa vyao nimeviona baada ya kufuliwa mara tatu.

Kuchovya kwenye rangi kwenyewe hakuna mengi. Petali mbichi ziwe na uzito usiopungua wa kitambaa, ikiwezekana mara mbili yake, na zilizokauka nusu ya uzito wa kitambaa zinatosha. Zitokose kwa moto mdogo kwa muda wa saa moja bila kuziacha zitokote kwa nguvu, maana moto mkali hufanya njano iwe kahawia, kisha chuja vizuri, kwani petali moja iliyobaki itaacha doa. Kitambaa kiingie kikiwa kimelowa maji safi, kipate joto polepole, kigeuzwe mara kwa mara ili kisiwe na mabaka, na baada ya saa moja zima moto ukiache humo mpaka asubuhi. Kikiwa majini kitaonekana kimekolea kuliko kitakavyokuwa kikikauka, kwa hiyo usikitoe mapema kwa kudanganywa na macho. Maji yale usiyamwage: kitambaa cha pili kitatoka na njano hafifu zaidi, na cha tatu na rangi ya siagi, ambayo mimi binafsi naipenda kuliko ile ya kwanza.

Sufuria nayo ina neno lake. Tumia ya chuma cha pua au ya enameli isiyobanduka, kwa sababu chuma cha kawaida huingia kwenye rangi na kuitia giza. Hata maji ya kisima yenye chuma hufanya hivyo. Rafiki yangu alihangaika kwa muda mrefu na njano iliyokuwa ikitoka imefifia na yenye giza, mpaka alipojaribu maji ya mvua.

Lakini chuma hicho hicho, ukikitumia kwa makusudi, hukupa rangi ya pili kutoka kwenye maua yale yale. Loweka misumari yenye kutu kwenye siki iliyochanganywa na maji kwa wiki mbili hivi, ukiacha mfuniko umelegea ili hewa itoke. Chukua kitambaa kilichokwisha kuwa cha njano, kichovye kwenye ndoo ya maji ya uvuguvugu uliyotia vijiko vichache vya maji hayo ya kutu, na utaona njano ikigeuka kijani cha zeituni ndani ya dakika chache. Kitoe mara uipatapo rangi unayoitaka na ukisuuze sana. Chuma kikizidi hudhoofisha nyuzi, hasa sufu na hariri, na athari yake haionekani siku hiyo bali baada ya miezi kadhaa, kitambaa kinapoanza kuchanika chenyewe penye mikunjo. Zipo dawa nyingine za metali zinazotajwa kwenye maelekezo ya zamani, kama kromu, ambazo hung'arisha rangi kweli, lakini ni sumu na sioni sababu ya mtu kuzishika nyumbani wakati shabu na kutu vinatosha.

Kabla hujampa mtu kitambaa chako au kukiuza, kijaribu kwa mwanga. Kata vipande vidogo vya kila rangi, vifunike nusu kwa kadi nzito, vibandike kwenye kioo cha dirisha linalopata jua, na baada ya wiki nne ondoa kadi ulinganishe nusu mbili. Vipande vyangu vya marigoldi juu ya shabu hupauka kidogo, vile vilivyopita kwenye maji ya kutu havibadiliki kwa kiasi cha kuonekana, na kile cha waridi nilichokifanya kwa ukaidi kilirudi cheupe upande mmoja. Vyote nimevibandika kwenye daftari pamoja na uzito wa kitambaa, uzito wa maua, shabu, muda na aina ya maji, kwa kuwa bila maandishi hayo huwezi kurudia hata rangi uliyoipenda kuliko zote.

Kitambaa kilichokwisha kutiwa rangi nakiacha kikauke kivulini na kukaa wiki moja bila kufuliwa. Anayekipokea namwambia akifue peke yake kwa mara ya kwanza, kwa maji ya baridi na sabuni isiyo na alkali, asikiloweke usiku kucha, na akianike ndani au nje mahali pasipopigwa na jua la mchana.