Kibodi ya gemu: ijaribu dukani kabla ya kutazama taa zake

Watu wanaoniomba ushauri kuhusu kibodi ya kuchezea gemu huanza karibu wote na swali la chapa au la taa, nami huwajibu kwa kuwauliza: unacheza mchezo gani, na mchezo ukipamba moto vidole vyako hubonyeza vitufe vingapi kwa wakati mmoja? Jibu la swali hilo ndilo linaloamua fedha yako iende wapi. Kibodi ya gemu ina wajibu mmoja mkuu, nao ni kuiarifu kompyuta kila kitufe ulichokibonyeza, kwa wakati ulipokibonyeza, bila kupunguza wala kuongeza. Na nimekutana na kibodi za bei kubwa zisizoutimiza wajibu huo vizuri, na nyingine za bei ya kawaida zinazoutimiza bila kasoro.

Nianze na wale ambao hawahitaji kuingia gharama hii. Kama unachokicheza ni mpira tu, yaani EA Sports FC au eFootball, nunua pedi. Kibodi humpa mchezaji wako pande nane za kukimbilia na hakuna zaidi, ilhali kijiti cha pedi humpeleka upande wowote unaoutaka, na hakuna kibodi ya kawaida itakayoziba pengo hilo hata ikiwa ya bei gani. Ninayoyaandika hapa yanawafaa zaidi wanaocheza Counter-Strike, Valorant, Dota 2 na michezo mingine ambayo mkono mmoja uko kwenye kipanya na mwingine kwenye vitufe.

Kibodi inaposhindwa kuarifu kitufe, sababu mara nyingi iko ndani kabisa. Vitufe havina kila kimoja waya wake wa kwenda kwenye chipu. Vimepangwa juu ya njia za umeme za mlalo na za wima, na chipu huzipitia njia hizo moja baada ya nyingine, mara nyingi sana kwa sekunde, ikitazama ni makutano yapi yamefungwa. Vitufe vitatu vilivyokaa kwenye pembe tatu za mstatili mmoja vikibonyezwa kwa pamoja, umeme hupata njia ya kuzunguka, na chipu huona kana kwamba kitufe cha pembe ya nne nacho kimebonyezwa. Kibodi iliyotengenezwa vizuri huwekewa dayodi kwenye kila kitufe ili umeme upite upande mmoja tu, na tatizo huisha. Kibodi ya bei nafuu haina dayodi hizo, kwa hiyo chipu yake hupangwa ikatae kitufe cha tatu kila inapoona hali ya kutatanisha. Anayeandika barua hatalijua jambo hili maisha yake yote, kwa kuwa yeye hubonyeza herufi moja baada ya nyingine. Lakini anayekimbia mbele huku akikata kushoto, ameshikilia Shift na anataka kuruka ukuta, atamwona mhusika wake amesimama chini ya ukuta huo akipigwa risasi.

Kwa sababu hiyo, kipimo cha kwanza ninachomwelekeza kila mnunuzi hakihitaji fundi wala programu maalumu. Mwombe muuzaji aiunganishe kibodi kwenye kompyuta, fungua ukurasa mtupu wa kuandikia, shikilia Shift zote mbili kwa pamoja, kisha andika alfabeti yote kuanzia A hadi Z. Herufi zisizotokea kwenye skrini ndizo ambazo kibodi hiyo huzimeza inapozidiwa. Baada ya hapo shikilia mshale wa juu na wa kushoto kwa pamoja, halafu ubonyeze kitufe cha nafasi. Kibodi nyingi za ofisini hugoma hapo hapo. Kisha jaribu mchanganyiko wa mchezo wako mwenyewe, kwa mfano W, A, Shift na kitufe cha nafasi. Muuzaji wa Kariakoo au wa Luthuli Avenue jijini Nairobi mwenye uhakika na bidhaa yake hatakukatalia dakika mbili za namna hiyo, na anayekataa kulifungua boksi amekupa sababu ya kutosha ya kwenda duka la pili.

Usitosheke na maneno ya kwenye boksi. Mara nyingi utasoma kwamba vitufe 19 au 26 vinaweza kubonyezwa pamoja bila kuingiliana, na kumbe maana yake ni kwamba watengenezaji wamelihudumia eneo la W, A, S na D peke yake, yaani vitufe vya kwenda mbele, kushoto, nyuma na kulia, na kuliacha lililobaki kama lilivyo. Kwa mchezaji mmoja hilo linaweza kutosha. Ule utaratibu rahisi wa USB ambao kila kompyuta huuelewa hubeba vitufe sita vya kawaida kwa pamoja, ukiongeza Shift, Ctrl na Alt ambazo zina nafasi yake pembeni, na mkono mmoja wa kushoto kwa hakika hauna kazi inayozidi hapo. Mambo hubadilika wawili mnapogawana kibodi moja, kama ndugu wengi wanavyocheza michezo ya mapigano nyumbani. Hapo vitufe sita huisha upesi, na inafaa kutafuta kibodi inayopokea vitufe vyote bila kikomo.

Baada ya hilo ndipo tuzungumzie vitufe vyenyewe. Kibodi ya kawaida ina tabaka la mpira lenye vikuba vidogo chini ya vitufe. Ukibonyeza, kikuba hubonyea na kuunganisha njia ya umeme iliyo chini yake. Kitufe hufanya kazi pale kinapokaribia kufika mwisho, nao mpira huo huchoka polepole na kwa kiwango kisicho sawa, kiasi kwamba W yako ya mwaka wa pili haifanani tena na P yako. Kibodi ya mekanika ina swichi kamili chini ya kila kitufe, yenye springi yake na vipande vyake vya chuma. Swichi zilizoweka kipimo katika biashara hii ni za MX za kampuni ya Cherry ya Ujerumani, zilizoanza katika miaka ya 1980, na hataza yake ilipomalizika muda, viwanda vya China kama Gateron, Kailh na Outemu vilianza kutengeneza zenye umbo hilohilo, jambo lililoshusha bei mpaka kibodi ya mekanika ikaanza kufikiwa na mwanafunzi wa chuo.

Rangi ya swichi inaeleza tabia yake. Nyekundu hushuka laini bila kikwazo; katika kipimo cha Cherry inahitaji uzito wa gramu 45 hivi, nayo huarifu baada ya kushuka milimita 2 katika safari yake ya milimita 4. Kahawia ina kikwazo kidogo ambacho kidole hukihisi njiani, na inahitaji gramu 55 hivi. Buluu hufika gramu 60 na hutoa mlio mkali kila unapobonyeza. Mimi hutumia nyekundu kwa michezo ya risasi, kwa kuwa kidole kinachogusa na kuachia D mara nyingi mfululizo hakihitaji kikwazo cha kukichosha, na ningemshauri hivyohivyo anayecheza zaidi ya anavyoandika. Anayeandika ripoti mchana na kucheza usiku atapendezwa zaidi na kahawia. Buluu simshauri mtu anayelala chumba kimoja na wengine, wala anayezungumza na wenzake kwa maikrofoni wakati wa mchezo, maana mlio huo husikika kwa timu nzima.

Jihadhari na kibodi zilizoandikwa kwamba zina hisia ya mekanika. Ni za mpira zilizovalishwa vitufe virefu na taa za upinde wa mvua, na bei yake hukaribia ya mekanika halisi. Namna ya kuzitambua ni kung'oa kitufe kimoja: kwenye mekanika utaona kisanduku cha swichi kilichopachikwa peke yake juu ya ubao, na kwenye nyingine utaona tundu lililofinyangwa pamoja na bodi ya plastiki, likiwa na mpira chini yake.

Kuna aina ya tatu ambayo imebadilisha mashindano ya michezo ya risasi, nayo ni ya sumaku. Ndani ya swichi hakuna vyuma vinavyogusana. Kuna sumaku inayoshuka pamoja na kitufe na kihisi kinachopima nguvu yake, kwa kanuni aliyoigundua mwanafizikia wa Marekani Edwin Hall mwaka 1879. Kwa kuwa kihisi hujua kitufe kiko umbali gani kila wakati, unaweza kuchagua kiarifu mapema au kwa kuchelewa, na zaidi ya hapo kinaweza kuhesabiwa kimeachiwa mara tu kidole kinapoanza kuinuka, bila kusubiri kitufe kirudi juu ya alama fulani. Kampuni ya Wooting ya Uholanzi ndiyo iliyolipa jambo hili umaarufu mkubwa, na sasa wapo watengenezaji wengi wa China wanaouza za namna hiyo kwa bei ya chini zaidi. Katika Counter-Strike faida yake ni ya kweli, kwa sababu risasi hutawanyika ukifyatua huku unatembea, na mchezaji hodari hujifunza kuachia D na kugusa A ili asimame ghafla kabla ya kufyatua.

Hapo hapo pana jambo la kujihadhari nalo. Mwaka 2024 kampuni ya Razer ilitoa kipengele cha Snap Tap, na Wooting ikatoa chake, ambapo ukibonyeza A wakati D bado imeshikiliwa, kibodi yenyewe huifuta D. Mwezi Agosti mwaka huohuo Valve, kampuni inayotengeneza Counter-Strike, ilitangaza kwamba wanaotumia otomatiki ya aina hiyo kwenye seva rasmi za Counter-Strike 2 wataondolewa mchezoni. Ukinunua kibodi yenye kipengele hicho, kizime kabla ya kuingia humo. Mimi naunga mkono uamuzi huo, kwa kuwa kusimama ghafla ni ustadi unaopatikana kwa mazoezi, na haupaswi kuuzwa dukani.

Tukija kwenye kasi, maboksi hujisifu kwa namba za hezi, yaani mara ngapi kwa sekunde kibodi huiarifu kompyuta. Kibodi ya hezi 125 huiarifu kompyuta kila baada ya milisekunde 8, ya hezi 1000 kila milisekunde 1, na za 8000 zinazotangazwa siku hizi kila baada ya milisekunde 0.125. Kutoka 125 kwenda 1000 ni hatua yenye maana, na leo hata kibodi nyingi za bei ya wastani zimeifikia. Kutoka 1000 kwenda 8000 unaokoa chini ya milisekunde moja, wakati mchezaji wa Dar es Salaam anayeunganishwa na seva ya Ulaya anasubiri zaidi ya milisekunde 100 kwa kila jambo kwenda na kurudi. Fedha hiyo ingekuwa na faida kubwa zaidi kama ungenunua waya wa mtandao wa kutoka kwenye ruta hadi kwenye kompyuta yako. Kuhusu kibodi zisizo na waya, zenye kipokezi chake cha USB zinafaa. Kwa Bluetooth usichezee michezo ya haraka.

Ukubwa wa kibodi huwapita wengi, ingawa huathiri mkono wa kulia. Kibodi kamili ina vitufe 104 hivi, isiyo na namba za pembeni ina 87, na ndogo ina 61. Wachezaji wa risasi hupunguza wepesi wa kipanya ili walenge kwa usahihi, kwa hiyo mkono wao husafiri mbali mezani, na meza zetu nyingi ni finyu. Ya vitufe 87 ndiyo ninayoipendekeza kwa wengi, maana ya 61 haina mishale wala F1 hadi F12, na michezo mingi ya zamani huvitegemea vitufe hivyo.

Ukinunua ya mtumba, tazama pia mpangilio wa herufi. Zinazotoka Uingereza zina Enter ndefu na alama ya pauni, jambo lisilo na tatizo kubwa. Zinazotoka Ujerumani zimebadilishana Z na Y. Za Kifaransa, ambazo wasomaji wa Bujumbura na Lubumbashi wamezizoea, zina Z na Q pale zilipotarajiwa W na A, na kwenye mchezo wa zamani italazimu kupanga upya vitufe vyote vya kutembelea kabla ya kuanza.

Sisi wa pwani tuna adui mwingine, naye ni hewa ya chumvi pamoja na vumbi. Vipande vya chuma ndani ya swichi vikichafuka, kitufe huanza kuarifu mara mbili kwa mbonyezo mmoja, au kinanyamaza. Ifunike kibodi kwa kitambaa usipoitumia na isafishe kwa brashi mara kwa mara. Swichi za sumaku haziathiriki sana kwa upande huu, kwa kuwa hazina vyuma vya kugusana vya kuchafuka, lakini ubao wake wa umeme unahitaji kulindwa vilevile. Vitufe vya plastiki ya PBT hukaa muda mrefu bila kung'aa kwa mafuta ya vidole, tofauti na vya ABS.

Kwa mazingira hayo, sifa ninayoithamini kuliko taa zote ni kibodi ambayo swichi zake huchomolewa kwa mkono bila kuyeyusha risasi ya kulehemu. Swichi moja ikifa, unaing'oa na kupachika nyingine kwa muda mfupi, nawe hulazimiki kumpelekea fundi kibodi nzima. Uliza kama matundu yake yanapokea swichi za pini tatu pekee (pini ni vijiti vilivyo chini ya swichi) au na za pini tano, kisha nunua swichi nne au tano za akiba siku hiyohiyo, kwa kuwa za W, A, S na D huchoka mapema, na swichi ya rangi ileile kutoka kiwanda kingine mara nyingi huwa na uzito tofauti kidogo ambao kidole chako kitautambua mara moja.